Utakula mpira? Kijana wa Goma na masomo ya michezo baada ya Diploma ya Serikali

Nilikuwa na miaka 17 nilipoteguka kifundo cha mguu kwenye kiwanja cha mawe ya volkano, upande wa Majengo. Mwalimu wetu wa mpira, mtu mwema aliyetupenda kama watoto wake, alinilaza chini, akawaambia wenzangu wanishike mabega, akaukamata mguu kwa mikono miwili na kuuvuta. Akaupaka mafuta ya moto, akaufunga kitambaa, akaniamuru nitembee ili damu isilale. Nilitembea hivyo wiki mbili nikiuma meno. Nilipofika hospitali na kupigwa picha, ikaonekana mfupa ulikuwa na ufa. Simlaumu mzee yule hata leo. Alinitendea alichotendewa yeye alipokuwa mchezaji, na hakuna aliyewahi kumshika mkono akamwonyesha njia nyingine.

Njia nyingine ipo, tena ni nyepesi. Mwaka 1992 daktari Ian Stiell na wenzake wa Ottawa, Kanada, walitoa kanuni ya kumpima mtu aliyeteguka. Kwa ufupi, unabonyeza kwa kidole ukingo wa nyuma wa mfupa wa kifundo, upande wa ndani na wa nje, sentimita 6 za mwisho kwenda chini. Kisha unamwomba mgonjwa apige hatua 4. Mfupa ukiuma unapobonyezwa, au hatua 4 zikimshinda, apelekwe kupigwa picha. Mchana mmoja unatosha kulifundisha jambo hili, lakini halifundishiki kwa kusomewa. Lazima kidole chako kiwe juu ya mguu wa mtu, na anayejua awe kando yako akikuambia: "Hapo ni nyama. Shuka kidogo. Hapo."

Nimeanza na mguu wangu kwa sababu swali la kusomea michezo baada ya humanite, yaani sekondari, hapa Goma, kwa kawaida hujadiliwa kama swali la vipaji na ndoto. Anayelipinga husema vipaji ni vichache, anayelitetea husema ndoto isikatwe. Mimi naona wote wawili wamekosa mlango. Michezo ni ufundi wa mwili wa binadamu, kama useremala ulivyo ufundi wa mbao, na mji huu una watu wema wengi sana wanaoishughulikia miili ya watoto wetu bila ufundi huo.

Mama anayeuliza "Mwanangu, utakula mpira?" anastahili jibu la heshima, maana anajua hesabu yake. Shule ya msingi ilifanywa bure nchini tangu Septemba 2019, lakini sekondari haikufanywa. Amelipa minervali, yaani ada ya shule, mwaka hadi mwaka, amelipa ada ya mtihani wa taifa, ule Exetat, na pengine aliuza mbao au samaki wa sambaza kwa ajili hiyo. Sasa mtoto ana Diploma ya Serikali mkononi na anataja neno moja tu: sport. Mama anaona miaka mingine mitatu ya kulipa, na mwisho wake ni kijana mwenye filimbi shingoni asiyekuwa na mshahara. Mitaa ya Himbi na Katindo ina walisansi wa sheria na uchumi wanaoendesha mota. Kwa nini mwenye filimbi awe na bahati kuliko wao?

Kijana naye ana mfano wake. Jonathan Kuminga alizaliwa hapa Goma mwaka 2002, akaenda Marekani akiwa bado mtoto, akachaguliwa wa 7 katika uteuzi wa NBA wa mwaka 2021, na mwaka uliofuata akawa bingwa pamoja na Golden State Warriors. Mfano huu ni wa kweli na unawasha moto. Wapo watoto wanaoamka alfajiri kufanya mazoezi ya kikapu kwa sababu yake, na Promo Jeune Basket, shirika lililoanzishwa hapa mwaka 2006 na Dario Merlo, limewapa wengi uwanja, walimu na nidhamu. Tatizo la mfano huo ni kwamba unaonyesha mtu mmoja aliye mbele ya kamera. Hauonyeshi anayempima goti kabla ya mechi, anayempangia mazoezi ya mapaja, anayemfundisha kutua kwa miguu miwili baada ya kuruka, wala anayemrudisha uwanjani pole pole baada ya kuumia. Timu moja ya NBA ina wachezaji 15 hivi wa kudumu. Wanaowatunza ni kundi zima, na wengi wao hawakupata kazi kwa kuruka juu.

Tukirudi nyumbani, kazi hiyo ya kutunza miili ina maana nyingine kabisa. Kwenye uwanja wa Unité, Balezi Bagunda, ambaye mji mzima unamjua kwa jina la Kibomango, amefundisha ngumi kwa miaka mingi. Mwenyewe alipita jeshini akiwa mtoto, na kati ya wanafunzi wake wapo waliotoka huko huko, pamoja na wasichana na vijana wa mtaani. Mwaka 2014 Unicef na washirika wake walileta capoeira, mchezo wa Brazil, kwa watoto waliotolewa katika makundi ya silaha. Watu wa mbali hushangaa: mtoto aliyebeba bunduki unampa ngumi? Aliyewahi kuwaona mazoezini haulizi tena. Mtoto aliyezoea kupiga bila kipimo anafundishwa umbali, pumzi, zamu na ishara ya kusimama. Anajifunza kwamba mwenzake akiinua mkono, ngumi inashuka.

Sasa fikiri ni nani anayepaswa kuongoza zoezi hilo. Mtoto anaweza kusikia filimbi akaganda. Anaweza kushikwa bega kwa nyuma na kumrukia aliyemshika. Mwalimu mwenye kipaji cha moyo hulitambua hili baada ya makosa mengi. Mwalimu aliyefundishwa anajua toka siku ya kwanza kusimama mbele ya mtoto kabla ya kumgusa, kumwambia anachotaka kufanya, na kumwachia nafasi ya kukataa. Huo ni ufundi, una hatua zake, na hujifunzwa kwa kurudiarudia mbele ya macho ya mtu anayekusahihisha.

Hospitali zetu nazo zinaita mikono hiyo hiyo. Ndosho, hospitali ya CBCA, imepokea majeruhi wa vita kwa miaka mingi ikisaidiwa na Msalaba Mwekundu wa Kimataifa, na kituo cha Shirika la Umoja hutengeneza miguu ya bandia na kuwafundisha watu kutembea upya. Niliwahi kukaa asubuhi nzima nikimtazama mwanafunzi wa kine, yaani tiba ya viungo, akijifunza kufunga kigutu cha kijana aliyekatwa mguu chini ya goti. Bendeji ya kunyumbuka huzungushwa kwa umbo la nane, inakazwa zaidi mwishoni mwa kigutu na kulegezwa kadiri inavyopanda, ili uvimbe usukumwe juu na kigutu kipate umbo la kuingia kwenye mguu wa bandia. Mara ya kwanza aliizungusha kama pete, na msimamizi wake akaifungua yote bila neno. Mara ya pili akakaza juu kuliko chini. Ikafunguliwa tena. Mara ya nne msimamizi alipitisha vidole viwili chini ya bendeji, juu na chini, akatikisa kichwa kukubali.

Kando ya kitanda mama wa mgonjwa alikuwa ameweka mto chini ya goti la mwanawe, apate kupumzika. Mwanafunzi akautoa, kwa upole mkubwa, akamweleza mama kwamba goti likilala limekunjwa, misuli ya nyuma hufupika, na goti lisilonyooka halitabeba mguu wa bandia. "Mama, alale kifudifudi kidogo kila siku, mguu unyooke." Nilimkumbuka mwalimu wangu wa mpira. Mto ule uliwekwa kwa upendo, kama mguu wangu ulivyovutwa kwa upendo.

Kwa hiyo njia ya kine ndiyo ningeitaja kwanza kwa kijana anayependa michezo na mwenye kichwa cha biolojia. Hufundishwa katika vyuo vya ufundi wa tiba, vile tunavyoviita ISTM, na katika Chuo Kikuu cha Kinshasa iko ndani ya kitivo cha tiba. Kabla ya kujiandikisha ni lazima kuuliza kama chuo ulicho nacho karibu kina fani hiyo hasa, na hospitali gani hupokea wanafunzi wake kwa staji. Ni njia ngumu: anatomia ni nyingi na kazi inachosha mgongo. Lakini mhitimu wake ana wagonjwa hospitalini siku za kazi na ana timu uwanjani Jumapili. Ligi ikisimama, yeye hasimami.

Ualimu wa elimu ya viungo ndio mlango wa kale zaidi. Chuo Kikuu cha Ualimu cha Taifa, UPN, kule Kinshasa, kimewaandaa walimu hao kwa miaka mingi, ila kutoka Goma ni zaidi ya kilomita 1,500 kwa mstari wa ndege, na anayeijua nchi hii anajua barabara si jibu. Jirani zaidi ni Bujumbura, ambako Chuo Kikuu cha Burundi kina Taasisi ya Elimu ya Viungo na Michezo, IEPS, na masomo ni kwa Kifaransa. Kwa mtoto wa Kivu hilo ni jambo kubwa kuliko linavyoonekana. Tanzania ina Chuo cha Maendeleo ya Michezo cha Malya, wilayani Kwimba, mkoa wa Mwanza, kinachofundisha ukocha, uongozi wa michezo na elimu ya viungo. Kiswahili kitakutosha bwenini na uwanjani, lakini vitabu na mitihani ya vyuo vya Tanzania kwa kawaida ni Kiingereza, na mwaka wa kwanza unaweza kuliwa wote na lugha.

Shida ya ualimu wa viungo haiko chuoni, iko kwenye malipo. Shule ina vipindi vichache vya sport kwa wiki, mkuu wa shule hampi mtu mmoja saa za kutosha, na serikali inapochelewa kumwingiza mwalimu kwenye orodha ya mishahara anabaki miongoni mwa walimu wanaoitwa NU, wakingoja kuwa "mekanize" na kuishi kwa mchango wa wazazi. Mwenye moyo wa ualimu asiukimbie ualimu kwa sababu hiyo. Achukue tu somo la pili analoweza kufundisha, hisabati au biolojia, ili awe na saa za kutosha, na viungo viwe sehemu yake bora.

Kuhusu neno lisansi, mfumo wa LMD umezichanganya familia. Baba aliyesoma zamani alifanya graduat miaka mitatu, ndipo lisansi miaka miwili. Mwanawe anarudi na lisansi baada ya miaka mitatu, na baba anadhani amedanganywa. Hakudanganywa. Ila mtu na aulize, kabla ya kulipa, ni karatasi gani hasa inayotoka mwishoni na wizara inaitambua kwa jina gani.

Ukocha una ngazi yake nje ya vyuo. Shirikisho la Soka la Afrika, CAF, lina leseni za D, C, B, A na Pro, na kwa soka hapa kwetu kozi hupitia FECOFA, shirikisho la soka la Kongo. Ngazi za chini ni za muda mfupi, hazimzuii kijana kufanya kazi nyingine, na zina uzito wa kweli: katika mashindano ya vilabu ya Afrika kocha mkuu asiye na leseni ya juu huzuiwa kukaa benchi, hata awe na jina gani. Dauphin Noir na DC Virunga zimecheza ligi ya taifa, kwa hiyo mji unazijua timu zinazohitaji watu wa namna hiyo. Ningemshauri kijana asiichukue leseni kama kazi kamili. Aichukue kama chombo juu ya ufundi mwingine. Vilabu vyetu hulipa vikipata.

Hata hivyo kuna kitu kimoja ambacho kocha wa mtaa, mwenye leseni au asiye nayo, angeweza kuanza kesho. Kuna mpango wa kupasha mwili moto unaoitwa FIFA 11+, wa dakika 20, sehemu 3 na mazoezi 15: kukimbia taratibu, kisha nguvu, mizani na kuruka, kisha kukimbia kwa kasi na kugeuka. Ulijaribiwa Norway kwa wasichana wa miaka 13 hadi 17, matokeo yakatoka mwaka 2008, na majeraha yalipungua kwa karibu theluthi moja. Hauhitaji kifaa zaidi ya mpira. Lakini ukiufanya vibaya, magoti yakigongana ndani kila mtoto anapotua, umefundisha jeraha lenyewe. Kwenye mawe yetu ya volkano, ambako kila kuanguka kunachuna ngozi, jicho la kuona goti linaloinama ndani lina thamani kuliko jezi mpya. Nimewaona makocha wengi wanaoangalia mpira uliko. Wachache huangalia miguu inavyotua.

Upande wa ziwa tumelala kabisa. Tarehe 3 Oktoba 2024 mashua ya Merdi, iliyokuwa ikitoka Minova, ilipinduka karibu na bandari ya Kituku, ikikaribia kutia nanga, na makumi ya watu wakafa mbele ya macho ya mji. Mashua ilijaa kupita kiasi, na hilo ni jukumu la wanaoruhusu safari. Lakini tunaishi kando ya Ziwa Kivu, watoto wetu wanaoga humo kila siku, na mwalimu wa kuogelea mwenye mafunzo ya uokoaji ni wa kutafutwa kwa taa. Uokoaji nao ni ufundi unaopingana na moyo: kwanza unarusha kitu kinachoelea, au unanyoosha mti au kamba, na kujitupa majini ni jambo la mwisho, kwa sababu anayezama hukukumbatia na kwenda nawe. Mwokoaji wa Goma ana somo la ziada ambalo vitabu vingi vya Ulaya havinalo, la mazuku, ile hewa nzito inayotoka ardhini na kulala mabondeni na kwenye vishimo vya ufukweni. Anayeinama kumwokoa aliyeanguka humo anaweza kuanguka naye. Shule ya kwanza itakayofundisha kuogelea na uokoaji kwa utaratibu hapa mjini itakuwa imefungua kazi ambayo leo karibu haipo, na naamini hoteli za ufukweni, shule na wenye mashua wataihitaji.

Wapo watakaosema: mashirika ya misaada yanaajiri waongozaji wa michezo katika kambi za wakimbizi wa vita, kijana aende huko. Yameajiri wengi, ni kweli. Ila mwaka 2025 ulitufundisha kwa ukali. Waasi wa M23 waliuingia mji mwishoni mwa Januari, benki zikafunga, uwanja wa ndege ukasimama, kambi za pembeni ya mji zikavunjwa, na mwaka huo huo Marekani ikalifunga shirika lake la misaada, USAID. Mikataba ikaisha kwa barua moja. Aliyekuwa na cheti cha kuhudhuria semina alibaki na cheti. Aliyejua kufunga bendeji, kunyoosha goti na kumfundisha mtu kutembea aliendelea kuitwa, kwani majeruhi hawakuisha.

Kwa wasichana hesabu ni tofauti kidogo, na nataka isemwe wazi. Familia nyingi hazipendi binti aguswe na kocha mwanamume, na zina sababu. Hapo ndipo palipo mahali pa kazi pa binti aliyesoma. Wanawake waliobakwa vitani, akina mama wanaohitaji mazoezi baada ya kujifungua au kupasuliwa, wasichana wa kikapu wanaoumia magoti, wote wanamtafuta mwanamke mwenye mikono iliyofundishwa na hawampati. Binti anayeambiwa michezo si ya wasichana aambiwe hili pia.

Nije kwenye kuchagua shule yenyewe. Pale Ngangi, kwa Don Bosco, kijana hajifunzi useremala kwa kunakili ubaoni. Anapewa mbao, anakata kiungo, kinalegea, anakata kingine. INPP, taasisi ya taifa ya mafunzo ya kazi iliyoundwa mwaka 1964, nayo msingi wake ni karakana. Ufaransa wana cheti cha kazi ya michezo, BPJEPS, ambacho mwanafunzi wake hugawa muda wake kati ya darasa na klabu inayompokea, kila wiki akiwa na watoto halisi mbele yake na mlezi nyuma yake. Hicho ndicho kipimo ninachokiamini, kuliko jina la shule, jengo lake au rangi ya sare: ni saa ngapi kwa wiki mikono ya mwanafunzi inafanya kazi, na ni nani anayeisahihisha.

Kwa hiyo mama asiende na mwanawe shuleni siku ya mapokezi, siku ya hotuba na soda. Waende Jumatano ya kawaida, saa tatu asubuhi. Waombe kuona kiwanja, wakione kama kina alama za nyayo za jana. Waulize majina ya vilabu na hospitali zinazopokea wanafunzi kwa staji, kisha waende huko wenyewe wakaulize kama ni kweli, na staji ni ya wiki ngapi. Waombe kuona kitanda cha mazoezi ya kine, na bendeji, waone kama zimechakaa kwa kufungwa na kufunguliwa au bado ziko kwenye mifuko yake ya plastiki. Wamtafute mwanafunzi wa mwaka wa pili, wamwambie amshike kijana wao mguu na kuwaonyesha mfupa wa kifundo unaanzia wapi. Akitazama pembeni na kuanza kueleza, minervali irudi mfukoni. Akiinama, akabonyeza, akapakosea kidogo na kujisahihisha mwenyewe, waulize ada inalipwa kwa mafungu mangapi.